Kabla hujatuma depositi ya boti: jinsi ya kukodi boti ya uvuvi bila kupoteza pesa za kikundi



Wakati wa vikundi kugawana akiba ukifika, Kitui na Makueni huwa na mipango mingi. Wengine wananunua mbuzi, wengine tangi la maji, wengine sufuria kama kawaida. Lakini siku hizi kuna vikundi vinavyosema: "Safari hii tutoke kidogo. Twende tukodi boti, tukavue samaki." Wazo ni zuri. Mnatafuta kwenye simu, mnapata tangazo lenye picha ya boti safi na samaki mkubwa, mnapiga nambari, na mnaambiwa mtume depositi leo leo kwa sababu kuna kikundi kingine kinaingoja hiyo boti.

Hapo ndipo tunataka usimame kidogo.

Angalia vizuri unachoombwa. Unatuma pesa za watu kumi na wawili kwa mtu hujamwona, kulipia boti hujaipanda, kwenye maji ambayo pengine hujawahi kuyaona. Ukinunua simu dukani unaishika kwanza ndio ulipe. Safari ya boti inalipwa kabla. Kwa hivyo kazi ya kukagua lazima uifanye kwa njia nyingine: kujua maji, kujua samaki, kujua boti, na kujua jina lililo nyuma ya nambari. Ukijua hayo manne, tapeli atapata shida sana kukudanganya.

Twende moja baada ya nyingine.

1. Jua maji unayoenda

Sisi watu wa Ukambani tunajua maji kwa njia yetu. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwenye mito ya msimu Kitui na Makueni yanatunyima kiu, lakini maji yake yamejificha ndani ya mchanga. Huko huwezi kuelea na boti. Kwa uvuvi wa boti, tazama sehemu hizi:

Masinga. Hili ndilo bwawa kubwa kuliko yote Kenya. Lilikamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, kati ya Machakos na Embu, na ziwa lake likijaa linafunika takriban kilomita za mraba 120. Kwa ukubwa huo, ukiwa katikati unaweza kusahau kama ni bwawa. Kwa mtu wa Kitui hii ndiyo safari ya karibu kwenye maji mengi.

Kiambere. Bwawa hili lilikamilika mwaka 1988 na liko mpakani mwa Embu na Kitui. Watu wa Mwingi wanalijua kwa sababu maji ya mfereji yanatoka huko. Ni dogo kuliko Masinga, lakini ni maji ya kina na wavuvi wapo.

Thwake. Watu wa Makueni wanauliza sana kuhusu hili. Ujenzi ulianza mwaka 2018 pale Mto Thwake unapokutana na Mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Limepangwa kubeba maji mita za ujazo milioni 688, zaidi ya Kiambere lenye takriban milioni 585. Bwawa la ukubwa huo likijaa, matangazo ya boti hayatakosekana. Kabla ya kulipia safari yoyote ya Thwake, uliza mtu anayeishi karibu: je, maji yapo, na boti zimeruhusiwa? Simu moja kwa jamaa wa huko inatosha.

Ziwa Victoria. Hapa ndipo penye maji makubwa kweli. Ziwa lina takriban kilomita za mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Kubwa zaidi ni ya Tanzania na Uganda. Ukitoka Wote au Kitui ni safari ya siku nzima barabarani, kwa hivyo panga kulala. Wanaokuja kuvua kwa burudani huelekea sana upande wa Homa Bay, kwenye visiwa kama Rusinga na Mfangano.

Kitu kimoja cha kukumbuka kuhusu mabwawa ya Tana: maji yake hupanda na kushuka. Mwaka 2009 ukame ulishusha Masinga mpaka mitambo ya umeme ya hapo ikazimwa. Mwaka 2024, kwenye mvua ya Aprili na Mei, lilijaa hadi maji yakamwagika. Maana yake ni kwamba ufuo unaouona kwenye picha huenda si ufuo utakaoukuta. Mwambie mwenye boti akutumie video fupi ya leo, aseme tarehe kwa mdomo wake huku akionyesha boti na maji. Mwenye boti wa kweli atafanya hivyo kwa dakika mbili. Tapeli atakuambia mtandao uko chini.

2. Jua samaki, utamjua mwongo

Hii sehemu watu wengi wanairuka, na ndiyo inayokamata matapeli haraka zaidi. Mtu aliyeiba picha mtandaoni mara nyingi hajui samaki gani anaishi wapi. Wewe ukijua, swali moja tu linatosha.

Samoni. Huyu ni samaki wa bahari na mito ya nchi za baridi. Anayeuzwa kwenye supermaketi Nairobi ametoka nje ya nchi. Kenya hakuna ziwa la kwenda kumvua samoni. Tangazo likisema "safari ya samoni na trauti Masinga", huhitaji kuuliza kitu kingine. Funga simu.

Trauti. Huyu yupo Kenya, lakini si wa kwetu asili. Aliletwa na wazungu mwaka 1905, akawekwa kwenye mito ya Aberdare, na baadaye akaenea hadi mito ya Mlima Kenya. Anapenda maji ya baridi yanayotiririka. Masinga iko kwenye joto, mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo usimtafute huko. Tena, trauti anavuliwa sana ukiwa umesimama kando ya mto na fimbo yako, kwa hivyo mtu akikuuzia boti ya trauti, muulize ni ya nini. Na kama mto uko ndani ya mbuga, ada ya kuingia inalipwa kwa KWS kupitia eCitizen, si kwa simu ya mtu anayekuongoza.

Mbuta. Huyu ndiye watu wanamfuata Ziwa Victoria. Watanzania wanamwita sangara. Aliwekwa ziwani humo miaka ya 1950 na baada ya hapo, akala samaki wengi wadogo na kubadilisha ziwa lote. Anaweza kukua mpaka karibu mita mbili na kufikisha kilo 200, ingawa wa ukubwa huo ni nadra. Ziwa Turkana anapatikana kiasili. Ukiahidiwa mbuta wa kilo 50 ndani ya Masinga, uliza maswali magumu.

Samaki wa Masinga na Kiambere. Hapa wavuvi wanategemea tilapia, kambare, na kapu (yule mwenye magamba makubwa na ndevu fupi mdomoni). Mikunga pia wapo kwenye Mto Tana. Si samaki wa kupiga nao picha ya kutisha watu, lakini makuyu ni makuyu, na tilapia wa kukaanga hapo ufuoni hana mpinzani.

Kwa hivyo ukipiga simu, anza na swali rahisi: "Kwa mwezi huu mnapata samaki gani, na mnavua saa ngapi?" Mtu wa maji atakujibu bila kufikiri. Tena atakwambia ukweli usioupenda, kwamba kuna siku mnarudi mikono mitupu. Anayekuhakikishia samaki mkubwa asilimia mia ni wa kuogopwa.

3. Jua boti na vibali vyake

Hapa tunaongea kuhusu pesa, lakini pia kuhusu maisha. Masinga na Kiambere zina mamba na viboko. Ziwa Victoria upepo hubadilika haraka na mawimbi yake si ya mchezo. Boti ya bei rahisi isiyo na jaketi za kuokoa maisha imekosa kitu ambacho ungelipia kwingine.

Kabla ya depositi, omba vitu hivi:

- Picha ya leseni ya boti. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini Kenya ni kazi ya KMA, mamlaka ya serikali ya shughuli za baharini na maziwani. Angalia jina la mwenye boti na idadi ya watu wanaoruhusiwa.
- Jaketi moja kwa kila mtu, wakiwemo watoto. Kama mko 12, uliza kama kuna 12 na za nahodha na msaidizi wake. Jibu la "ziko za kutosha" halitoshi. Taka hesabu.
- Leseni ya uvuvi. Kuvua kwa burudani kunahitaji kibali chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016. Uliza kama bei inajumuisha kibali au mtakilipia wenyewe kando.
- Kama ni kampuni ya utalii inayowauzia safari nzima, leseni ya TRA, mamlaka inayosimamia biashara za utalii.
- Kama ni mvuvi wa kawaida anayekodisha boti yake, jina la ufuo wake na BMU yake, yaani kile kikundi kinachosimamia ufuo. Omba nambari ya mwenyekiti au katibu wa BMU, mpigie, uliza kama wanamjua huyo mtu na boti yake.

Hilo la mwisho halina gharama isipokuwa dakika chache za maongezi, na kwa mvuvi mdogo asiye na ofisi wala tovuti ndilo linalomlinda hata yeye, kwa sababu linamtofautisha na matapeli.

4. Jua jina lililo nyuma ya nambari

Sasa tumefika kwenye simu yako. Kuna njia tatu za kawaida za kumlipa mwenye boti, na hazifanani.

Till. Ni nambari ya biashara. Kwenye simu jina la biashara linatokea kabla hujathibitisha malipo. Kama ulikuwa unaongea na biashara ya boti na jina linatokea ni la duka la nguo, usiendelee. Piga simu kwanza.

Paybill. Kampuni kubwa, hoteli na taasisi hutumia hii. Utaombwa nambari ya akaunti. Iandike vile ulivyopewa kwenye ankara, kwa sababu ukikosea akaunti pesa zinafika kwa kampuni lakini haijulikani ni za nani. Angalia pia ada ya kutuma, maana Paybill nyingine humkata anayelipa.

Nambari ya simu ya mtu. Hapa ndipo hatari ni kubwa, lakini tusidanganyane, wavuvi wengi wanalipwa hivi. Ukilazimika, hakikisha jina linalotokea kwenye skrini ni lile lile lililo kwenye leseni ya boti au lile ambalo BMU imelithibitisha. "Ni simu ya mke wangu", "ni ya kijana wangu wa kazi", "yangu imejaa": hizi sentensi zinaweza kuwa za kweli, lakini pesa zako zitakuwa zimeenda kwa mtu ambaye hukumkagua. Mwambie utasubiri laini yake ifunguke.

Jina likitokea, lisome kwa sauti. Tunajua inaonekana kitu kidogo. Lakini makosa mengi ya kutuma hutokea kwa sababu mtu alikuwa na haraka na kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kukubali.

5. Gawanya malipo

Usilipe yote mwanzoni. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 12 kutoka Wote kinachoenda Masinga kwa siku moja. Hizi ni bei za mfano tu, za kuonyesha hesabu:

- Kila mtu anachanga shilingi 3,500. Jumla 42,000.
- Matatu ya kukodi, kwenda na kurudi: 12,000.
- Chakula, 800 kwa kila mtu: 9,600.
- Boti ya saa nne pamoja na nahodha: 18,000.
- Inabaki 2,400 ya dharura.

Boti ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Mkikubaliana depositi ya asilimia 30, mnatuma 5,400. Inabaki 12,600. Badala ya kuituma yote mkiwa bado nyumbani, mwambieni mwenye boti hivi: 6,600 tutalipa tukifika ufuoni, tukishaona boti na kuhesabu jaketi. Na 6,000 ya mwisho tutalipa tukirudi.

Unaona faida yake? Kama mambo ni ya uongo, mmepoteza 5,400 badala ya 18,000. Inauma, lakini kikundi hakivunjiki. Na kama mwenye boti ni mkweli, hapotezi chochote: ana depositi ya kununua mafuta, ana hakika mtakuja, na ana sehemu kubwa ya pesa mkononi kabla ya injini kuwashwa.

Mwenye boti akikataa kabisa na kutaka pesa zote mapema, muulize kwa nini. Kampuni zenye jina wakati mwingine hutaka malipo kamili kabla, na hizo zina ofisi, leseni na risiti. Mtu mmoja mwenye nambari ya simu peke yake hana sababu hiyo.

Kuna jambo lingine la ndani ya kikundi. Michango isiingie kwenye simu ya mtu mmoja ikachanganyika na pesa zake za unga. Tumieni akaunti ya kikundi, au angalau laini inayojulikana na wote. Na wekeni sheria: mweka hazina hatumi depositi kabla ya mwenyekiti au katibu kuona jina kwenye skrini. Macho manne ni bora kuliko mawili, hata kama mnaaminiana.

6. Andika mlichokubaliana

Maongezi ya simu yanasahaulika. Baada ya kuelewana, tuma ujumbe mfupi, na umwombe akujibu "nakubali" kabla hujatuma pesa. Unaweza kuandika hivi:

"Habari ya asubuhi. Nathibitisha: boti ya watu 12, Masinga, Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano. Bei 18,000 pamoja na mafuta, nahodha na jaketi 12. Depositi 5,400 leo. 6,600 ufuoni. 6,000 tukirudi. Hali ya hewa ikiwa mbaya tunaahirisha bila malipo zaidi, au depositi inarudi ndani ya siku tatu. Sisi tukikosa kuja bila sababu, depositi ni yako. Tafadhali jibu 'nakubali'."

Angalia ile sentensi ya hali ya hewa. Bila hiyo, nahodha mwenye shida ya pesa anaweza kuwapeleka majini siku isiyofaa ili asirudishe depositi, na nyinyi mnaweza kumlazimisha ili msipoteze. Makubaliano mazuri yanampa kila mtu nafasi ya kusema "leo hapana" bila hasara. Pesa isiwe ndiyo inayoamua kama boti itatoka.

Ujumbe huo pamoja na ujumbe wa malipo ndio ushahidi wako. Usiufute. Piga picha ya skrini na uiweke kwenye kundi la WhatsApp la chama.

7. Siku ya safari

- Chaji simu, na mfuko wa plastiki wa kuizuia isilowe. Simu ikianguka majini imeenda na laini yako.
- Sehemu nyingine za ufuo mtandao ni dhaifu na mawakala ni wachache, tena wakati mwingine hawana floti. Toa pesa kidogo mjini, za dharura tu.
- Usimpe mtu PIN yako "akusaidie kulipa" kwa sababu mikono yako ina samaki. Osha mikono, lipa mwenyewe.
- Hesabu jaketi kabla ya kulipa sehemu ya pili. Kama zimepungua, ama watu wapungue ama safari iahirishwe. Kila mtu avae, si kuikalia.
- Msikaribie ukuta wa bwawa wala sehemu ya kumwaga maji.
- Msiogelee. Tumeshasema kuna mamba.

8. Pesa zikienda vibaya

Tutofautishe mambo mawili, maana watu wanayachanganya.

Ulikosea nambari. Pesa zimeenda kwa mtu usiyemjua. Omba zirudishwe mara moja. Kwa M-PESA, unatuma ule ujumbe wa malipo kwenda 456. Kadiri unavyochelewa ndivyo nafasi inavyopungua, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa au kuzitumia, kuzirudisha ni kazi ngumu. Kama ulilipa Till au Paybill, wasiliana pia na biashara yenyewe.

Ulitapeliwa. Hapa hukukosea nambari. Ulituma kwa mtu uliyetaka kumtumia, na yeye hakutimiza. Huduma ya kurudisha pesa ni ya makosa ya kutuma, si bima ya biashara iliyoharibika. Bado piga huduma kwa wateja mara moja, ueleze. Halafu nenda kituo cha polisi, uripoti, upate nambari ya OB. Beba ujumbe wa malipo, makubaliano, na tangazo lenyewe. Nambari ya OB ndiyo inayofungua mlango wa uchunguzi.

Na kuwa macho na tapeli wa pili. Ukiandika kwenye Facebook kwamba umeibiwa, utapigiwa na mtu anayejiita ofisa wa kampuni, akisema atakurudishia pesa ukimpa PIN au ukituma "ada ya kufungua". Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN. Hakuna ada ya kurudishiwa pesa zako. Kata simu.

9. Kama wewe ndiye mwenye boti

Kuna wateja wetu Kiambere na Masinga wanaoishi kwa boti. Nyinyi pia mnatapeliwa. Mteja anakuonyesha kwenye simu yake ujumbe kwamba amelipa, mnaingia majini, mkirudi hakuna kitu. Kanuni ni moja: usiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, wala ujumbe uliokuja kutoka nambari ya kawaida ya simu. Angalia salio lako mwenyewe. Kama pesa haijaonekana kwenye salio, haijalipwa.

Chukua Till. Mteja anaona jina la biashara yako, anakuamini haraka, na wewe unatenganisha pesa za boti na za nyumbani. Ukitaka kukopa ya injini kesho, una rekodi ya kuonyesha. Bandika nambari hiyo kwenye boti, na uwaeleze wateja mapema kwamba hulipwi kwa nambari nyingine. Siku tapeli akitumia picha ya boti yako, mteja atagundua nambari hazifanani.

Maswali tunayoulizwa sana

Je, depositi ni lazima? Si lazima kisheria, ni makubaliano. Siku za katikati ya wiki, mwenye boti anaweza kukubali mlipe mkifika. Uliza tu.

Nimeambiwa nilipe kwa kadi ya zawadi au sarafu za mtandaoni. Hapana. Mvuvi wa Tana hana haja na hizo. Ni utapeli.

Mwenye boti anasema amenitumia pesa za ziada kimakosa, nimrudishie. Angalia salio kwanza. Kama kweli zimeingia, usimtumie wewe mwenyewe. Mwambie aombe zirudishwe kwa njia rasmi, ili usije ukarudisha mara mbili.

Kabla hujathibitisha malipo, jiulize

- Nimeona video ya leo ya boti na maji?
- Samaki walioahidiwa wanaishi kweli kwenye maji hayo?
- Kuna mtu wa ufuoni, asiye mwenye boti, aliyemthibitisha?
- Jaketi zinatosha kila mtu, kwa hesabu?
- Jina kwenye skrini ni lile lile la kwenye leseni?
- Amejibu "nakubali" kwenye ujumbe wetu?
- Ninachotuma sasa ni depositi tu?

Kama jibu moja ni "hapana", subiri. Akikuambia nafasi itachukuliwa na wengine, mwachie. Boti ziko nyingi, na ziwa halihami.

Una swali kuhusu malipo haya? Piga huduma kwa wateja au mtembelee wakala aliye karibu nawe. Na mkirudi salama, tuambieni mlipata makuyu wangapi.